Taa Zinawaka, Mtaa Hauna Mtu

Mwanangu Thurayya,

Salamu utazipata kesho uwanja wa ndege, na dua nimeshakuombea tangu alasiri, kwa hivyo hapa nnaanza moja kwa moja na ugomvi wetu wa jana. Umekwenda Matrah kumuaga bibi yako na nnajua hatokuachia mapema. Mimi nimekaa jikoni, kahawa imepoa, na nguo zako nimezipanga sandukuni vile nnavyotaka mimi. Ukizipangua shauri yako. Mambo ya kula, koti la baridi, sala na kulala mapema sikuandikii. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamekuota sugu.

Nnakuandikia kuhusu ile nyumba unayotaka kupanga Amerika.

Jana uliponionyesha picha zake kwenye simu ulikuwa na furaha kweli. "Tizama mama, mtaa mpya, kimya, una geti, kila mtu na kwake." Chumba kizuri, sikatai. Kitanda kipana, dirisha linatazama barabara, na barabarani hamna hata paka. Ukawa unasukuma picha moja baada ya moja, na mimi muda wote nnatafuta kitu kimoja tu, mtu. Simpati. Nikakwambia huko sitaki ukae. Ukaniuliza kwa nini, nikashindwa kusema, na mimi nikishindwa kusema hukasirika, unanijua. Ndipo ukanijibu, tena kwa upole: "Mbona mimi nimekulia mtaa kama huu huu, mama? Wewe ndiye uliyenizoesha kimya."

Neno lile lilinichoma. Lakini magharibi haijaingia ukarudi kunisuluhisha. Ukanifungia zile taa ulizoagiza. "Sasa zitawaka zenyewe kila magharibi, mama. Ukumbini kwanza, kisha juu, kisha zinazima. Hata ukenda kwa khale, dadaako, wiki nzima, watu wataona upo." Ulitaka nifurahi. Nikasema ahsante, nikenda msalani, nikafungulia maji ili usinisikie nikilia. Hukujua umenirudisha wapi. Sikupata kukuhadithia, maana mwisho wa habari hiyo babaako, Mungu amrehemu, hakupenda utajwe.

Tulipokwenda Amerika mara ya kwanza tulikuwa maarusi. Babaako alipelekwa kusoma Houston, mji huo huo unaokwenda wewe, na tukapata nyumba nje kabisa, kwenye mtaa uliokuwa ndio kwanza unajengwa. Nyumba nzuri nzuri, nyingi bado hazina watu. Yeye huondoka na gari asubuhi, akarudi giza limeingia. Na mimi nimetoka Omani, Matrah, kwenye nyumba ambayo ukipiga chafya chumbani, jirani anakuombea rehema kutoka dirishani kwake.

Nikasema basi ntatembea. Ntatembea wapi? Njia ya miguu ilianzia mbele ya nyumba yetu, ikapita nyumba ya pili, kisha ikakatika kwenye majani, kama aliyekuwa akiijenga aliitwa na asirudi tena. Magari yanapita vioo vyeusi. Mlango wa gereji unapanda wenyewe, gari linaingia, mlango unashuka. Mtu akishuka simuoni. Asubuhi mipira ya maji inainuka kutoka ardhini bila ya kuguswa, inamwagia majani, inazama. Nilikaa pale mpaka mwezi ukaandama na ukaandama tena, sijapata kuona uso wa jirani.

Isipokuwa nyumba ya mkabala. Ile niliiona ina uhai. Ikifika magharibi inawaka taa ya chini, kisha ya juu. Dirishani nnaiona meza imeandikwa vizuri, sahani, gilasi, mkate katikati. Mara nyingine nasikia na muziki, mdogo, wa piano. Mtu akila sijamuona, lakini nikasema labda wanakula baada ya mimi kufunga pazia. Wallahi niliwapenda wale watu. Mwanamke wa nyumba ile nikampa jina, nikamwita Bi Mkubwa, nikawa namhadithia babaako akirudi: leo Bi Mkubwa hakubadilisha kitambaa cha meza. Babaako amechoka, anaitika tu.

Alasiri moja nikaona mlango wao uko wazi. Sikungoja. Nilikuwa nimekaanga visheti, nikavipanga kwenye sahani yangu nzuri, nikajitia udi, nikavuka barabara. Nikapiga hodi mara tatu. Hakujibu mtu, lakini muziki ulikuwa unapiga ndani. Na wewe unajua kwetu: mlango ukiwa wazi na sauti iko ndani, mwanamke mgeni huingia ukumbini akakaa, mwenyewe atatoka alipo. Nikaingia. Nikakaa kwenye ncha ya kiti, sahani mapajani, baibui nimelitengeneza, tabasamu tayari.

Nilikaa sana. Muziki ukafika mwisho, ukaanza tena pale pale ulipoanzia. Ukutani palikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili, wote wanacheka. Nikaizoea hata nikawa nawachekea. Kisha nikasema niweke sahani mezani nijiendee zangu, watakuta heshima yao. Nikausogeza ule mkate nipate nafasi, mkate mwepesi hauna uzito. Wa plastiki. Nikashika kitabu kwenye rafu, ndani kurasa nyeupe tupu. Jikoni nikafungua bomba, halikutoa hata tone. Nimesimama pale na mkono kwenye bomba, taa ya ukumbini ikawaka nyuma yangu. Kisha juu, chumbani, ikawaka nyingine, na mimi nnajua sasa kwamba juu hakuna mtu.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Babaako alipokuja akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa nyumba ya maonyesho, ya kuwaonyesha wanunuzi, baadhi ya siku mlango wanauacha wazi kusudi. Taa zimefungwa saa ya kuziwasha. Na ile picha, siku nyingine nikaikuta dukani, baba, mama na wale wale watoto, wamo ndani ya kila fremu inayouzwa. Babaako aliwahadithia wenzake wote kwamba mkewe alikwenda kuwatembelea watu wa fremu. Mimi sikucheka, kwani nilikuwa nimewapenda.

Tangu siku ile nikawa siiamini nyumba yoyote ya mtaa ule, ila moja. Ubavuni mwetu alikaa mzee. Huyo nilimuona kwa macho yangu, mara moja, kainama kuokota gazeti, akaninyanyulia mkono. Mtu kweli, ana kivuli, ana kikohozi. Basi yule ndiye akawa tegemeo langu. Taa yake ya barazani ikiwaka nasema alhamdulillahi, yule yupo. Nyuma ya pazia lake naona mwanga wa buluu wa televisheni, nasema yupo. Naingia kulala moyo umetulia.

Asubuhi moja likaja gari, likaja la pili, watu wakashuka wamejifunika pua. Alikuwa amekufa kitambo. Alikuwa ameshakufa hata kabla ya mara ya mwisho watu walipokuja kumkatia majani, na mimi siku ile nilikuwa nimesimama dirishani nnatizama yakikatwa. Jioni zote zile nilikuwa nnamshukuru Mungu kwa taa za maiti. Na walipokwishamchukua, Thurayya, ilipofika magharibi, taa yake ya barazani ikawaka kama kawaida. Hakuna aliyeiambia.

Usidhani nnakupa habari hii kwa kujuta. Nilijitafutia kosa na sikuliona. Mzee yule sikumtukana, sikumdhulumu, jina lake sikulijua. Majirani wa upande wa pili nao hawakumkosea kitu. Kila mtu alikaa kwake kwa adabu, na adabu yetu ndiyo iliyomwacha akaoza. Hapo ndipo nnapoogopa mpaka leo, kwa sababu kosa ningeliliona ningelitubia.

Baadaye tukahamia Philadelphia, upande wa mashariki. Huko nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na kila mlango una ngazi zake za mawe zinazoshuka barabarani. Watu wanakaa pale jioni kama sisi tunavyokaa barazani, wanasema watu. Mkabala alikaa mwanamke mweusi, mtu mzima, Bi Loreta. Mmbea, sijaona mfano wake. Anajua ninanunua nini, babaako karudi saa ngapi, kanga yangu ipi imechuja rangi. Nilimchukia. Nilikuwa nikitoka mlango wa nyuma ili nisimpe hadithi.

Wanawake wa mtaa ule huosha ngazi zao kila Jumamosi, kwa ndoo na brashi, ndiyo desturi yao, na Bi Loreta alikuwa amenishurutisha na mimi. Jumamosi moja sikuosha. Babaako alikuwa safari, na mimi nilikuwa nimeanguka bafuni, mguu hauinuki, homa imepanda, sauti haifiki popote. Kabla ya adhuhuri mlango ukapigwa ngumi. "Wewe mwanamke wa Omani, ngazi zako zina uchafu, una nini?" Nikalia hata kabla hajaingia. Alivunja kioo cha mlango kwa kisigino cha kiatu, mwanamke wa umri ule, akaingia akaninyanyua. Na kioo hakukilipa, na akanisema mtaa mzima kwamba bafu langu lina fungu la nguo chafu.

Kuanzia hapo nikawa nautafuta mji kila tulipokwenda, ilikuwa ndiyo michezo yangu. Babaako alikuwa akihesabu maghorofa na treni. Mimi nnatafuta wapi watu wa hapa wanaonana bila ya kupeana miadi. Nikagundua kila upande wa nchi ile wameuficha pahala pengine.

Chicago tulikwenda wakati wa baridi, kwa binamu ya babaako. Gari likatushusha mbele ya nyumba, nikaona milango imefungwa, theluji haina alama ya mguu, nikahisi ule ubaridi wa Houston unanipanda mgongoni. Nikasema hapa nao wamekufa. Kumbe wale mbele hawatumii. Nikafungua mlango wa jikoni nikakuta ngazi za mbao zinapanda nyuma ya kila ghorofa, chini uchochoro, huyu anatupa taka, wale wanasukuma gari lililonasa, mwanamke wa juu anamkaripia mume wa mwanamke wa chini. Mji mzima ulikuwa umegeuka, umeipa mgongo barabara.

California, kwa kakaake, barabara pana mpaka unavuka na shahada mdomoni, nyumba fupi fupi zimetawanyika. Siku nzima sikuuona. Nikaukuta kwenye duka la mashine za kufulia, wanawake wamekaa wanangoja nguo zikauke, huyu anamtazamia yule mtoto, na aliyekosa kuja wiki ile anaulizwa yuko wapi. Na kule kusini, mji mmoja wa Louisiana tulikolala, watu wanaweka viti vya kubembea mbele ya nyumba, na ukipita usisalimie unaulizwa wewe mtoto wa nani.

Na Houston pia upo, usinielewe vibaya. Niliuona mwishoni, tunakaribia kuhamia Philadelphia, nikajuta. Ulikuwa nyuma ya uwanja mkubwa wa kuegesha magari, safu ya maduka mafupi mabaya, bango limefifia: mshonaji wa Kivietinamu, kinyozi, watu wa Meksiko wanaouza mkate, na vijana wa Kinaijeria wanabishana kwa sauti. Ukipita kwa gari unasema hapa hapana kitu. Ukishuka, mara ya tatu wanakujua jina. Juu ya maduka yale palikuwa na vyumba vya kupanga, vidogo, dirisha linatazama magari, harufu ya vitunguu mpaka kwenye shuka. Babaako hakutaka hata kuviangalia, na mimi sikumlazimisha.

Sasa utaniuliza, baada ya yote hayo, mama, ilikuwaje ukanilea huku Sib, ndani ya ukuta mrefu hivi? Una haki. Babaako alitaka tubaki Matrah, mimi ndiye niliyetaka huku. Mtu akishakaa na Bi Loreta, kisha akarudi kwa mama mkwe na mawifi, anatamani ukuta. Nilitaka pahala ambapo hakuna anayejua nnapika nini. Nikapata. Nikasahau kwamba asiyejua unapika nini hatojua na siku usiyopika. Wewe ukakulia humo, jirani kwako ni gari linaloingia getini, na leo unachagua nyumba ya namna ile kwa sababu ndiyo inayonukia kama kwenu. Hilo kosa nimeliona, na ni langu.

Unakumbuka matanga ya babaako. Watu walijaa, magari mpaka barabara kuu, kisha wakaondoka. Hukuwepo siku jirani wa nyumba ya kona aliposhusha kioo cha gari lake akaniuliza mbona gari la mzee halitoki siku hizi, limeharibika? Mwezi ulikuwa umeshapita. Nikamwambia ndiyo, limeharibika. Sikuwa na nguvu ya kumtia aibu.

Na jana jioni nilitoka nje kuzitazama taa zako zikiwaka. Nilisimama barabarani nikaitazama nyumba yetu kama mpita njia. Ukumbini ikawaka. Juu ikawaka. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye watu. Nikageuka nikazitazama nyingine zote, nazo zimewaka, na sikuweza kujua ipi ina mtu na ipi haina. Mimi nilikuwa nje, na nyumba yangu inasema nipo ndani. Nikaogopa kuingia.

Ndiyo maana leo ulipoondoka nilifanya kitu ambacho sijakifanya tangu tuhamie. Nilitoka getini kwa miguu, nikenda nyumba ya mkabala, nikabonyeza kengele. Ukuta ukanijibu, kwenye kile kipaza sauti cha kengele. Sauti ya kike, imekwaruza, haina uso.

"Madam hayuko. Wewe unataka nani?"

Nilitaka kukimbia, nakwambia kweli. Nikasema, "Nakutaka wewe. Mimi jirani."

Sauti ikasema polepole, Kiswahili cha bara, cha Uganda, cha msichana wa kazi: "Mimi nakujua, mama. Jikoni yako inaangalia chumba yangu. Asubuhi nikiona umesimama pale na kikombe, najua uko mzima."

"Tangu lini unanitazama?"

"Tangu nilikuja. Hapa hakuna mtu mwingine wa kuangalia."

Nikamuuliza kama anakumbuka nilipoumwa, ulipokuwa umekwenda Salala na wenzako. Ile homa niliyokwambia ni mafua tu. Haikuwa mafua, mwanangu. Nililala chini, hapa hapa jikoni, sikuweza kuifikia simu mpaka siku ya tatu.

"Nakumbuka," akasema. "Jikoni ilikaa giza. Siku ya pili pia giza. Taa ya nje inawaka, lakini jikoni giza. Mimi nililia, mama. Nilisema huyu mama amekufa."

"Kwa nini hukuja?"

"Mafi ruhusa, hakuna. Ufunguo ya geti iko na madam. Nilimwambia madam, akasema taa si zinawaka, wacha mambo ya watu."

Basi alikuwepo. Siku zote zile nnazosema mtaa huu hauna mtu, alikuwepo mmoja, ananihesabu, na amefungiwa. Niliweka kiganja kwenye ukuta ule wa moto. Nikamuuliza jina, akasema Prossy. Kwao ni Masaka. Ana mama wa umri wangu.

Kesho nikitoka kukusindikiza ntakwenda kwa huyo madam, mchana, anifungulie tuonane. Ntamwambia msichana yule apewe ruhusa ya kuvuka barabara. Atanichukia, na anichukie. Akikataa ntarudi keshokutwa, na ntakaa kwenye kizingiti chake wapita njia wote waone, ushamba wangu wote wa Matrah ntamtolea.

Wewe nyumba ile sikukatazi. Umeshakuwa mtu mzima, na mimi ndiye niliyekufundisha kuipenda, siwezi leo kukupiga kwa kuipenda. Ila usinipigie simu kunieleza chumba kikubwa kiasi gani na geti linafungwa saa ngapi. Tembea, kaa, nunua mkate pahala pamoja mpaka wakuchoke. Hama ukitaka, mara ngapi utakavyo. Siku mtu mmoja wa mtaa huo akikuuliza jana ulikuwa wapi, kwa ukali, kwa umbea, kwa lugha yoyote, hapo ndipo unipigie, na uniambie anaitwa nani.

Mimi wangu anaitwa Prossy. Jina la wako nnalingojea, na mpaka lije, mwanangu, mimi silali.

Mamaako